Bangili za Bi Emerita

Pale kigangoni, mnada wa mavuno haukuhesabiwa kuwa umekwisha mpaka zinadiwe bangili za Bi Emerita. Kuku walikuwa wameshauzwa, mikungu ya ndizi imeshabebwa, gunia la mkaa limeshapata mwenyewe, na keki ya mke wa katekista imeshakatwa vipande na kuliwa na watu ambao hawakuichangia hata senti. Jua la mchana lilikuwa limeshaingia chini ya turubai. Watoto walilia njaa, na mama zao wakawanyamazisha kwa kuwaambia, "Ngoja, bado dhahabu."

Siku ya mavuno kila muumini huleta mbele ya altare sehemu ya alichojaliwa mwaka ule. Mwenye shamba huleta mazao, mwenye mifugo huleta kuku au mbuzi, mwenye duka huleta kitu cha dukani kwake. Misa ikimalizika vitu vinatolewa uani, vinapigwa mnada, na fedha inayopatikana ndiyo sadaka. Wala hakuna sheria inayomkataza mtoaji kukinunua alichokitoa mwenyewe. Mtu aliyeleta jogoo kisha akamuonea huruma anaweza kumkomboa, na watu hupiga makofi, kwa sababu kanisa limepata fedha na jogoo amepata umri.

Bangili zilikuwa mbili, nzito, za kizamani, zimechongwa majani madogo madogo pembezoni. Mwalimu Anselmi, mwalimu mstaafu aliyekuwa mnadi wa kigango, alizinyanyua juu kwenye sahani, akapanda juu ya benchi.

"Haya, wenye nazo! Dhahabu hii si ya kununuliwa jana, dhahabu hii imelelewa! Nani leo atamnyang'anya Bi Emerita bangili zake?"

"Hakuna!" watu waliitika.

"Yupo mmoja namuona kule nyuma anajikuna kichwa. Bwana, unajikuna au unapanda bei?"

Watu wakacheka. Mmoja akataja bei kwa mzaha, mwengine akaongeza kidogo ili kunogesha. Ndipo Bi Emerita alipoinua mkono wake mtupu na kutaja bei yake, bei ambayo hakuna aliyeweza kuifikia, na vigelegele vikaanza kabla Mwalimu Anselmi hajapiga benchi kwa kisigino. Kisha alishuka na kumvalisha bangili mwenyewe, moja baada ya moja, mbele ya watu wote, kama anamvisha askofu pete.

Ndivyo ilivyokuwa miaka nenda miaka rudi. Bati la kigango lilitoka hapo. Kengele ilitoka hapo. Akifika nyumbani kwake Kiembe Samaki, jirani yake Bi Mwatima alikuwa akimsubiri upande wa pili wa ukuta, ametweka kichwa juu ya tofali.

"Zimerudi?"

"Zimerudi."

"Mashallah, zinajua kwao. Hizo bangili zako, shoga, ni kama paka. Ukimtupa Mwanakwerekwe, anakutangulia nyumbani."

Wote wawili wakacheka. Hakukuwa na ubaya.

*

Bangili zile zilikuwa za mama yake Bi Emerita. Baba yake alivuka kutoka bara kuja kuchuma karafuu akiwa kijana. Mama yake alikuwa yaya katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, na wenye nyumba walipohama nchi, bibi wa nyumba alizivua mkononi akampa, kwa kuwa watoto wote wa nyumba ile walikulia mgongoni mwake. Mama hakuzivua tena. Alikanda unga nazo, alifua nazo. Ile miaka ya foleni za mchele alishauriwa na watu wengi aziuze, akasema heri kulala na njaa kuliko kulala bila za bibi. Alipokufa, zilitolewa kwa sabuni, na Bi Emerita akazivaa siku ileile, hata kabla maziko hayajatoka.

Bi Emerita aliolewa na fundi muashi, mtu mpole aliyekufa mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Deogratias, ambaye kila mtu alimwita Deo. Deo alipokuwa darasa la kwanza alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Shingo ilikakamaa, macho yakageuka, na daktari alimwambia mama yake aombe kwa dini yake. Bi Emerita alizivua bangili, akaziweka juu ya shuka, karibu na nyayo za mtoto.

"Ee Mungu," alisema, "niachie huyu, uchukue hizi. Sina kingine kizuri."

Mtoto alipona, na mama alikuwa mkweli. Mavuno yale alizitia bangili kwenye sahani, akazipeleka mbele ya altare kwa mikono miwili, na aliporudi kwenye benchi alijihisi mwepesi kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Hakuwa na nia ya kuzinunua. Hata fedha hakwenda nayo.

Lakini uani, wakati wa mnada, mke wa ofisa mmoja aliyekuwa mgeni kisiwani alizipenda. Alitaja bei, akaomba azijaribu kwanza. Akazivaa. Akainyoosha mikono yake mbele, akaigeuza huku na huku, akazigonganisha, na mlio ule Bi Emerita aliujua tangu tumboni. Sauti ikamtoka mwenyewe. Alitaja bei kubwa kuliko ya yule mwanamke, akataja tena, akataja mpaka yule mwanamke akazivua kwa hasira. Kesho yake alilipa kwa mtaji wote wa biashara yake ndogo ya mapazia.

Padri wa zamani zile, mzee mwenye huruma, alisimama akasema, "Mama huyu ametoa mara mbili. Ametoa dhahabu, akatoa na fedha."

Watu walipiga vigelegele, na neno lile likaganda. Ametoa mara mbili. Mwaka uliofuata walimuuliza kama ataleta tena. Akaleta, akanunua tena. Hakukaa akajiuliza kama Mungu alipata alichoahidiwa, maana kila kitu kilionyesha kuwa amekipata. Duka lake la mapazia na foronya pale Mlandege likapanuka likawa na milango miwili. Nyumba ya Kiembe Samaki ikaezekwa, na uani akajenga vyumba vya kupangisha. Alitoa zaka bila kukumbushwa. Kwaresima alifunga mpaka midomo ikapauka. Vitambaa vya altare vilitoka dukani kwake, na alivipiga pasi kwa mkono wake. Mteja akiingia dukani alisikia bangili zikigongana kwenye meza ya kupimia vitambaa kabla hajamuona mwenye duka.

*

Deo alisomea ufundi wa mafriji na viyoyozi. Jioni moja alimkuta mama yake barazani anashona vishikizo vya pazia.

"Mama, nna jambo."

"Lete."

"Nimepata mlango wa kukodi Mwanakwerekwe, ubavuni mwa barabara. Na hoteli mbili za kusini zinataka niziangalilie viyoyozi kwa mkataba. Nnachokosa ni mashine na kodi ya mwanzo."

"Ngoja mzigo wa mapazia ukiuzika."

"Mpaka mzigo uuzike, mlango ushakwenda kwa mwengine." Akatazama mikono ya mama yake. "Hizo, mama. Nikizipeleka kwa sonara zinatosha na kubaki. Nitakununulia nyengine, wallahi, nikisimama tu."

"Usiape kama mtoto wa Mwatima. Hizi si zangu, mwanangu. Hizi za Mungu. Nilimwekea nadhiri ulipokuwa umelala hujitambui."

"Za Mungu?"

"Naam."

"Mbona nakuona umezivaa wewe?"

Bi Emerita alivuta uzi, ukakatika.

"Mungu akizitaka, unazinunua," Deo alisema, taratibu, kama mtu anayejifanyia hesabu. "Mimi nikizitaka, unasema za Mungu. Sasa wewe tukupate wapi?"

Mlango wa Mwanakwerekwe ulichukuliwa na mtu wa simu. Deo alivuka kwenda bara, akapata kazi Tanga kwenye vyumba vya barafu vya kuhifadhia samaki. Alipiga simu Krismasi, akapiga Pasaka, kisha ikawa mama ndiye anayepiga. Walikuwa hawagombani. Waliulizana hali, mvua, bei ya mchele.

Pasaka moja mama alimuuliza, "Misa ya leo ilijaa?"

"Sijui, mama. Siku hizi siendi."

"Huendi leo au huendi kabisa?"

"Kabisa. Nikikaa kwenye benchi nasikia mnada tu. Naona kama sote tunamuuzia Mungu vitu vyake, kisha tunampigia makofi kwa kutuuzia tena." Alicheka kidogo, bila furaha. "Usilie, mama. Sinywi, siibi, nafanya kazi zangu."

Bi Emerita alikuwa halii. Alikuwa amekaa kitandani, simu sikioni, akimuona tena yule mtoto mwenye shingo iliyokakamaa, aliyeombewa mpaka akarudishwa. Kumbe alirudishwa kwa nani?

"Na nikizitoa?" aliuliza. "Nikizitoa kweli, zikaondoka?"

Nyuma ya Deo kulikuwa na muungurumo wa mashine.

"Ukizitoa zikaondoka," alisema mwisho, "nitaingia kanisani. Nitakaa na wewe benchi moja, kila Jumapili niliyo Unguja, na nisiyokuwepo nitakwenda misa ya hukuhuku. Sikutanii."

*

Kigango kilikuwa na padri mpya, kijana wa bara, mtu wa maneno machache. Bi Emerita alimwendea ofisini, akamsimulia kila kitu tangu kwenye shuka la hospitali. Padri alisikiliza mpaka mwisho.

"Watu watakwambia sadaka yako ilifika, mama. Bati hili lililo juu yetu ndilo hilo."

"Bati ni fedha zangu, baba. Bangili ni hizi."

"Basi zitoe."

"Rahisi hivyo?"

"Si rahisi. Ila ni hivyo tu." Alisogeza vitabu vyake pembeni, akaacha nafasi tupu juu ya meza. "Ukitaka, ziache hapa sasa hivi. Wiki ijayo nnakwenda mjini, nitaziuza, wazee wa jumuiya watapelekewa chakula. Hakuna atakayejua."

Bi Emerita alitazama ile nafasi mezani. Mbao yake ilikuwa na alama ya kikombe.

"Hapana, baba. Nilizichukua mbele ya watu. Acha nizirudishe mbele ya watu. Nangoja mavuno."

Padri alivirudisha vitabu vyake. Lilikuwa neno la haki. Ni baadaye sana Bi Emerita alipojua kuwa lile neno la haki lilimpa miezi minne ya kukaa nazo.

Miezi ile hakuzivua hata kulala. Miguu ilikuwa inamuuma kwa kupanda na kushuka, kwa hiyo alifunga mlango mmoja wa duka, akabaki na mmoja. Hakumweleza mtu sababu. Siku chache kabla ya mavuno alizipeleka Mkunazini kwa Khelef, sonara aliyezing'arisha kila mwaka. Aliona kitu cha Mungu kisiende na taka.

"Tayari, Bi Emerita," Khelef alisema, akizifuta kwa kitambaa. "Mwakani tena?"

"Inshallah," alijibu Bi Emerita, kwa mazoea, na alikuwa ameshafika mtaani alipolisikia neno lake.

Bi Mwatima ndiye peke yake aliyeambiwa, juu ya ukuta.

"Mwaka huu hazirudi, shoga."

"Weee! Unaumwa?"

"Mzima."

Bi Mwatima alimtazama kwa muda, mzaha ukamtoka usoni. "Basi Mungu akupe nguvu," alisema. "Maana mie nakujua. Hata kijiko nikikiazima kwako nayaona macho yako yananifuata mpaka mlangoni."

*

Deo aliingia kwa boti Jumamosi mchana. Alikuwa amenenepa kidogo, ameota mvi mbili tatu kidevuni, na mama yake alimshika uso kwa mikono yote miwili, bangili zikamgusa mashavu. Alikula wali wa nazi na pweza, akatengeneza friji la mama bila kuambiwa, akalala katika chumba chake cha zamani.

Asubuhi alitoka amevaa shati jeupe.

"Mnada si mpaka baada ya misa?" mama aliuliza. "Ungekuja baadaye tu."

"Hii misa nakukopesha, mama," alisema Deo, akatabasamu.

Wakakaa benchi moja. Padri alihubiri kwa ufupi, juu ya kumpenda Mungu kwa moyo wote, na jinsi ambavyo mtu anaweza kutii amri zote na bado akawa ameficha chumba kimoja akafunga na ufunguo. Hakumtazama mtu. Kwaya ilipoanza wimbo wa vipaji, Bi Emerita alisikia pembeni yake sauti nzito, ikiyatafuta maneno, ikiyapata. Deo alikuwa anaimba. Alishindwa kumgeukia, akaogopa ataacha. Alisimama na sahani yake akaenda mbele. Njiani aliona mikono yake mitupu na hakuumia. Akasema moyoni, chukua, Bwana, nimechelewa lakini chukua. Alilisema kweli. Hilo halikuwahi kumtoka akilini baadaye, kwamba alilisema kweli.

Mnada ulikwenda kama kawaida. Kuku, ndizi, mkaa. Deo alinunua mkungu wa ndizi kwa bei ya kipumbavu na watu wakamcheka, "Karibu nyumbani, tajiri wa Tanga!" Kisha Mwalimu Anselmi akapanda juu ya benchi na ile sahani.

"Haya, wenye nazo! Dhahabu iliyolelewa! Nani leo atamnyang'anya Bi Emerita?"

"Hakuna!"

Kulikuwa na bwana mmoja mgeni, mwenye bekari, aliyehamia karibuni. Alinyanyua mkono akataja bei nzuri, bei ya kweli ya dhahabu.

"Keti wewe!" akina mama walimpigia kelele, wakicheka. "Huzijui hizo! Hizo zina mwenyewe!"

Yule bwana alitahayari, akashusha mkono, akaomba radhi.

Mwalimu Anselmi alimgeukia Bi Emerita na kumngoja. Bi Emerita alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani. Watu wakamngoja. Mwalimu alirudia wito, mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi. Mkono haukuinuka. Chini ya turubai Bi Emerita aliona watu wanatazamana, na akaelewa wanachofikiri. Walikuwa wameuona mlango uliofungwa Mlandege.

"Jamani," alisema Mwalimu Anselmi, na safari hii hakuwa anafanya mzaha. "Mama yetu mwaka huu mkono umekuwa mzito, na biashara sote tunajua zilivyo. Huyu ametoa mara mbili miaka yote. Bati hili ni lake. Leo tumuache aende kwake mikono mitupu?"

"Hapana!"

"Nasema, tumuache?"

"Hapana!"

Kikapu kikatoka. Kilipita mkono kwa mkono, na watu wakatia. Waliokwisha kununua walitia chenji zao. Katekista alitia. Bwana wa bekari, kwa aibu yake, alitia nyingi kuliko wote. Bibi mmoja mzee, mwenye kibanda cha mayai, alifungua pindo la kanga kwa meno. Walikuwa wanaimba. Bi Emerita alimtafuta Deo, akamuona amesimama kwenye nguzo ya turubai na mkungu wake wa ndizi begani, haimbi, anamtazama. Hakuwa na ukali usoni. Alikuwa anamngojea tu, kama mtu anavyomngojea mwenzake kwenye kivuko.

Mwalimu alikwisha kushika sahani aje nayo, padri alipoinuka.

"Ngoja, Mwalimu. Tumsikie Bi Emerita mwenyewe."

Akachukua kipaza sauti, akampelekea. Alikiweka mkononi mwake, na alipokiachia alimtazama, na Bi Emerita alijua kuwa ile meza yenye alama ya kikombe ilikuwa imeletwa kwake kwa mara ya pili.

Ilikuwa aseme, hapana. Mpeni bwana wa bekari. Yalikuwa maneno matano. Alikuwa nayo kinywani, yamepangika.

Alimtazama bibi wa mayai aliyekuwa anafunga tena pindo lake. Akajiambia kuwa kuwakatalia watu hawa ni kuwatemea mate. Akajiambia upendo nao unatoka kwa Mungu, na pengine Mungu mwenyewe ndiye anayezirudisha. Zilikuwa sababu nzuri. Na alizijua, zote, kuwa ni sababu. Kwa kuwa nyuma ya sababu hizo, chini kabisa, kilikuwa kimeshaamka kitu kidogo chenye furaha, kilichoanza kucheza tangu bwana wa bekari aliposhusha mkono.

"Asanteni sana, ndugu zangu," alisema.

Vigelegele vikapanda mpaka kwenye bati. Padri alichukua kipaza sauti chake, akainamisha kichwa, akarudi kukaa. Mwalimu Anselmi alipiga goti mbele ya kigoda na kuanza kumvalisha. Bi Emerita alikuwa amevimba viungo kwa umri. Kila mwaka ilikuwa kazi kuipitisha bangili kwenye kifundo, na Mwalimu alizoea kusukuma kidogo kidogo na kutania. Mwaka huu haikuwa kazi. Bi Emerita alikikunja kidole gumba ndani ya kiganja, akaubana mkono ukawa mwembamba, na bangili ikapita yenyewe. Akautoa mkono wa pili, akakunja tena.

Alipoinua uso, nguzo ya turubai ilikuwa peke yake. Mkungu wa ndizi ulikuwa umeegemezwa chini yake.

*

Alimkuta nyumbani anafunga begi.

"Deo."

"Naam, mama."

"Umeona ilivyokuwa. Watu wale. Ningewakatalia vipi?"

"Nimeona." Alivuta zipu taratibu. "Nimeona ulivyokikunja kidole gumba."

Bi Emerita alikaa kitandani. Angeweza kuzivua pale pale. Sabuni ilikuwa bafuni. Angeweza kumpa azitupe baharini akiwa kwenye boti. Alifikiri hivyo, na alivyokuwa anafikiri mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika wa kushoto, juu ya bangili, na wote wawili waliuona.

"Sikulaumu, mama," alisema Deo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata maini mama yake. Angekuwa na hasira, lingekuwa limebaki jambo kati yao. "Zinakupendeza. Toka mie mdogo zinakupendeza."

"Utakuja Krismasi?"

"Tutaona."

"Na kanisani? Leo uliimba. Nimekusikia."

"Niliimba, ndiyo," alisema Deo. Alimbusu mkono, wakati wa kubusu akakwepesha mdomo kidogo kando ya dhahabu, akatoka kwenda kuwahi boti ya alasiri.

Bi Emerita alibaki amekaa. Alijaribu kusali. Alianza, Baba yetu, akaishia hapo. Miaka yote alikuwa akiomba nafasi, afya, baraka, mvua, na aliomba vizuri. Sasa kitu pekee cha kuomba kilikuwa nafasi nyengine, na hakuthubutu kuiomba, maana alishajua atakavyoitumia. Mungu hakumficha uso wala hakumkemea. Alikuwa amempelekea meza mara mbili, na mwana mara moja.

Alitoka uani kuosha vyombo vya chakula cha jana, sahani ya pweza aliyokula Deo. Alitia mikono ndani ya beseni. Bangili zikagonga beseni, moja, kisha ya pili.

Upande wa pili wa ukuta, mtu aliyekuwa anatwanga akaacha. Kichwa cha Bi Mwatima kikatokea juu ya tofali. Mwaka huu hakucheka.

"Zimerudi?" aliuliza.

Bi Emerita hakuinua macho. Alisugua sahani ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Zimerudi," alisema.